Jina la Kiitaliano Kutoka Kwenye Ngano: Mwongozo Kamili wa Kumchagulia Mtoto, Hatua kwa Hatua

Wazazi wengi wanaonijia na swali hili wako Malindi na Watamu, wengine wamehamia Roma, Napoli au Milano. Mmoja ni Mswahili, mwenzake Mwitalia, na wote wawili wanataka mtoto abebe jina lenye hadithi ndani yake. Nia ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba karibu wote hukwama pahali pamoja: wanachukua jina kwenye orodha ya intaneti kwa sababu ya mlio wake, bila kuisoma ngano lilikotoka. Kisha msajili anatoa onyo juu ya jina hilo, au nyanya wa Sicilia ananyamaza kwenye simu, au mtoto anafika shuleni na jina ambalo wenzake wanalijua kuwa ni la mpumbavu wa hadithi.

Jambo moja likishikwa mapema, mengine yote hurahisika. Jina la ngano lina sura mbili: sura ya simulizi, ambayo mara nyingi ni kifupisho cha mtaani, na sura ya daftari, ambayo ndiyo huandikwa kwenye cheti. Kazi yako ni kuzipata zote mbili, kisha kuweka kila moja mahali pake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Ngano yenyewe, nzima. Usitegemee muhtasari. Giambattista Basile alikusanya ngano 50 kwa lugha ya Napoli, zikachapishwa kati ya 1634 na 1636. Giuseppe Pitrè alichapisha ngano za Sicilia huko Palermo mwaka 1875. Italo Calvino alichagua ngano 200 za mikoa yote na kuziandika kwa Kiitaliano cha kawaida mwaka 1956. Kama Kiitaliano chako bado ni cha kujifunza, anza na Calvino.

Orodha ya majina ya familia, pande zote mbili. Andika nani yu hai na nani amefariki. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Jina la ukoo litakavyoandikwa. Tangu hukumu namba 131 ya Mahakama ya Katiba ya Italia mwaka 2022, mtoto huchukua majina ya ukoo ya wazazi wote wawili kwa mpangilio wanaokubaliana, isipokuwa wamekubaliana kutumia moja tu. Ukipima jina bila kulitanguliza mbele ya ukoo huo, unapima nusu ya jina.

Kalenda ya watakatifu ya Italia. Hata kama nyumba yenu si ya Kikatoliki, wakwe wataitazama.

Masikio mawili. Mtu mmoja aliyezaliwa na kukulia Italia, na Mswahili mmoja asiyejua neno la Kiitaliano.

Muda. Anza angalau miezi miwili kabla ya kujifungua. Nchini Italia utakuwa na siku 10 tu za kuandikisha, na siku hizo hupita haraka mno kwa mzazi asiyelala.

## Hatua ya 1: Chagua mkoa kabla ya jina

Ngano za Italia ni mali ya mikoa. Mtu wa Palermo anamjua Giufà, mpumbavu wa ngano za Sicilia, tangu utotoni. Mtu wa Bergamo anaweza kukua bila kumsikia hata siku moja, lakini atakuambia yote kuhusu usiku wa Santa Lucia, tarehe 13 Desemba, watoto wa kwao wanapoletewa zawadi. Ukimpa mtoto jina la ngano ambayo familia yake haiijui, hakuna atakayemsimulia.

Kwa hiyo muulize mwenzako babu na nyanya zake walitoka wapi. Usiulize anaishi wapi, maana familia nyingi za Milano na Torino zina asili ya kusini.

Hapa kuna mahali pa kuanzia:

- Sicilia: Cola, Caterina, Ninetta, Rosmarina
- Napoli na Campania: Viola, Nella, Lisa, Jennariello, Luna
- Toscana: Bellinda, Prezzemolina, Fantaghirò
- Basilicata: Aquilina, Liombruno
- Venezia: Biancabella, Doralice, Costantino, kutoka ngano za mwandishi Straparola zilizochapishwa huko kati ya 1550 na 1553

*Umefaulu ukiwa na:* majina matano hadi manane ya mkoa mmoja au miwili, na angalau mzee mmoja wa familia aliyewahi kusikia mojawapo ya ngano hizo.

## Hatua ya 2: Soma ngano mpaka mwisho

Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi. Ngano za zamani hazikutungwa kwa ajili ya watoto peke yao. Zina damu, zina wivu, zina mambo ambayo hutaki kuyaeleza siku mtoto atakapouliza, "Jina langu lilitoka wapi?"

Chukua Talia. Orodha nyingi humtaja kama binti mzuri aliyelala usingizi wa uchawi. Katika ngano ya Basile, mfalme mwenye mke anamkuta amelala, anamwingilia akiwa hajitambui, kisha anaenda zake. Talia anazaa mapacha, Sole na Luna, bado yuko usingizini. Anaamka tu pale mmoja wa watoto anaponyonya kidole chake na kukichomoa kibanzi cha kitani kilichomchoma. Baadaye malkia anaamuru watoto wapikwe, na mpishi anawaficha. Mimi binti yangu nisingemwita Talia. Luna ningemwita bila wasiwasi, kwa kuwa ni mtoto asiye na hatia aliyeokolewa na mtu mwenye huruma, na jina hilo hutumika sana Italia leo.

Zezolla ni Cenerentola wa Napoli, yule binti wa jikoni mwenye kiatu kilichopotea. Kabla ya kiatu, kuna sanduku. Zezolla anamwomba mama yake wa kambo amtolee nguo kuukuu sandukuni, mama anainama, na binti anaachilia kifuniko kimvunje shingo. Alifundishwa kufanya hivyo na mwalimu wake wa kushona, ambaye alitaka kuolewa na baba. Ni ngano kali na nzuri, lakini jina lake ni mzigo.

Giovannino asiye na hofu analala katika jumba lenye mizimu, viungo vya jitu vinadondoka kupitia dohani kimoja kimoja, naye anaendelea kula soseji zake. Anapata dhahabu, anaishi kwa raha, halafu siku moja anageuka, anaona kivuli chake mwenyewe, anashtuka na kufa. Jina Giovanni ni salama kwa kuwa lina maisha marefu nje ya ngano hiyo. Ila uujue mwisho huo kabla hujaandika kadi za mwaliko zenye maneno "asiye na hofu".

Sasa linganisha na hawa wawili.

Viola ni mdogo wa ndugu watatu. Kila siku mwana wa mfalme hupita na kumsalimu, naye hujibu kwamba anajua mengi kuliko yeye. Dada zake wanamwonea wivu, wanamtega, mwana wa mfalme anamtega pia, na kila mtego Viola anaugeuza. Mwishowe kijana anakubali kuwa ameshindwa, na wanaoana.

Caterina mwenye hekima, wa Palermo, ni binti wa mfanyabiashara anayefungua shule isiyotoza ada. Mwana wa mfalme anaingia darasani, anashindwa kujibu, anachapwa kofi. Anamwoa ili alipize kisasi, anamtupa shimoni. Caterina anatoka kwa njia ya siri na kumtangulia katika kila mji anaosafiri: Napoli, Genova, Venezia. Mume hamtambui, kila mahali anafunga ndoa upya na mwanamke yule yule, na watoto watatu wanazaliwa wakiitwa Napoli, Genova na Venezia. Mwanamke aliyefungua shule ya bure, akaonewa, akashinda kwa akili! Kwa jina moja la kawaida kabisa, mtoto anapata urithi wa namna hiyo.

Kipimo: isimulie ngano hiyo kwa sauti, yote, mbele ya mama mkwe. Pale utakapotaka kuruka aya, hapo pana jambo la kufikiria.

*Umefaulu ukiweza:* kueleza kwa sentensi tatu mwenye jina alifanya nini na aliishia wapi, bila kuficha kitu.

## Hatua ya 3: Tenga jina la mtu na jina la hadithini tu

Wahusika wa ngano si wote wenye majina ya kupewa binadamu. Yapitie majina yako na uondoe makundi haya.

Majina ya mimea na vyakula. Petrosinella wa Napoli na Prezzemolina wa Firenze wote wawili ni kotmiri: mama mjamzito aliiba kotmiri katika bustani isiyo yake, na mtoto akaibeba adhabu ndani ya jina. Hadithini inapendeza. Darasani ni mboga. Rosmarina naye ni mche wa rozimari, aliyezaliwa na malkia aliyeuonea wivu mche wenye matawi mengi ilhali yeye hana mtoto. Hili lina ahueni, kwa kuwa linasikika kama Rosa na Marina yaliyounganishwa. Wazazi wakiniambia wamelipenda sana, siwakatazi.

Majina ya wapumbavu. Giufà wa Sicilia ni ndugu wa Juha wa Waarabu, na kazi yake katika simulizi inafanana na ya Abunuwasi wetu. Tofauti ni kwamba Giufà huchukua maneno kama yalivyo. Mama anamwambia auvute mlango atokapo, naye anaung'oa na kuuburuta mpaka kanisani. Msicilia akisikia mtoto anaitwa Giufà, atauona mlango ule.

Majina ya dhihaka. Cenerentola ni jina alilobandikwa binti kwa sababu ya majivu ya jikoni. Walimpa ili kumshusha.

Majina yasiyo ya ngano kabisa. Pinocchio na Geppetto si wa simulizi za wazee. Ni wa kitabu cha Carlo Collodi, kilichotoka kama kitabu mwaka 1883. Geppetto angalau ni kifupisho cha Giuseppe, na Giuseppe ni jina jema.

Onyo: hili si suala la ladha tu. Sheria ya Italia inakataza majina ya kuchekesha au ya kuaibisha. Familia moja ya Genova ilimwita mtoto Venerdì, yaani Ijumaa, na mahakama zikaamua kuwa jina hilo lingemfanya mtoto achekwe. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na mtoto akaandikwa Gregorio.

## Hatua ya 4: Rudisha kifupisho kwenye jina kamili

Wasimulizi wa zamani walitumia majina ya mtaani, jinsi sisi tunavyomwita Abdallah Dulla. Ukiandika kifupisho kwenye cheti, mtoto atatumia maisha yake kueleza kwa nini jina lake ni nusu. Ukiandika jina kamili, kifupisho kinabaki nyumbani, kikiwa hai.

Hivi ndivyo yanavyorudi:

- Cola → Nicola
- Jennariello → Gennaro
- Cienzo → Vincenzo
- Meo → Bartolomeo
- Peppi → Giuseppe
- Betta → Elisabetta
- Ninetta → Anna au Antonia, kutegemea familia
- Biancabella → Bianca
- Bellinda → Belinda

Viola, Luna, Lisa, Nella, Caterina na Doralice husimama yenyewe. Usiyaongezee kitu.

Mawili katika haya nayapenda kwa namna ya pekee.

Nicola. Cola Pesce alikuwa kijana wa Messina asiyetoka majini. Mama yake alimwita ufuoni mpaka sauti ikamkauka, akamlaani awe samaki, na laana ikashika. Mfalme aliposikia habari zake akamtuma azame aone Sicilia imesimama juu ya nini. Cola akarudi na kusema: nguzo tatu, na moja imevunjika. Mfalme akataka ajue zaidi, akatupa taji lake majini. Cola akamwachia mfalme adesi mkononi, akamwambia zikielea hatarudi. Zikaelea. Watu wa kule husema bado yuko chini, ameishika nguzo ile kisiwa kisizame. Mtoto wa pwani yetu, anayejifunza kuogelea Bahari ya Hindi, ataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa.

Aquilina. Katika ngano ya Liombruno, mvuvi anamwahidi mwanawe kwa shetani ili apate samaki. Anayemwokoa mtoto ni Aquilina, anayekuja kwa umbo la tai. Kwa Wakatoliki wa Tanzania jina hili si geni hata kidogo, tunao akina Akwilina wengi. Familia zote mbili zitalitambua, kila moja kwa njia yake.

Kwa wa pwani naongeza Ninetta. Baba yake anamletea tawi la mtende lililopandwa katika chombo cha fedha, na humo mtendeni wanatoka majini wema wanaomvisha aende kwenye ngoma ya mfalme. Binti anayekulia chini ya mitende halisi anaweza kuonyeshwa hadithi yake kwa kidole.

*Umefaulu ukiwa na:* jina moja la daftari na jina moja la nyumbani kwa kila ngano iliyobaki. Kwa kawaida hapa hubaki majina matatu au manne.

## Hatua ya 5: Litamke, kisha waache wengine walitamke

Tuna bahati. Irabu za Kiitaliano ziko karibu sana na zetu, kwa hiyo Mswahili hulitamka jina la Kiitaliano vizuri kuliko watu wengi wa Ulaya. Lakini maandishi yana mitego, tena mingine inatunasa sisi hasa kwa sababu tunasoma herufi kwa Kiswahili:

- ch ni *k*. Chiara husomwa *Kyara*. Msajili wa kwetu atasema *Chi-ara*.
- c mbele ya *e* au *i* ni *ch*. Lucia ni *Lu-CHI-a*.
- gh ni *g* ya *gari*, si *gh* ya *ghali*.
- g mbele ya *e* au *i* ni *j*. Gennaro ni *Je-NA-ro*.
- gn ni *ny*. Agnese ni *A-NYE-ze*.
- z mara nyingi ni *ts* au *dz*. Vincenzo ni *Vin-CHEN-tso*.
- Konsonanti mbili hukaziwa. Katika Ninetta, ulimi hukaa kidogo kwenye *t*.

Halafu kuna mkazo. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri. Kiitaliano mara nyingi hufanya hivyo hivyo, ila si kila mara: Giacomo ni *JA-komo*, Angelica ni *an-JE-lika*, na Fantaghirò hukazwa mwishoni kabisa. Majina ya ngano yanayotuangukia vizuri bila kujifunza ni Viola, Caterina, Nicola, Aquilina, Belinda na Luna.

Onyo kuhusu alama ya mkazo. Majina kama Niccolò huandikwa na alama juu ya irabu ya mwisho. Mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine haina alama hizo. Mtoto mwenye vyeti vya nchi mbili anaweza kujikuta na tahajia mbili. Kama unaweza kuchagua Nicola badala ya Niccolò, chagua Nicola.

Onyo kuhusu jinsia. Nicola, Andrea na Luca ni ya kiume Italia ingawa yanaishia na *a*. Kwa Mtanzania, Andrea na Luka hayaleti shida. Nicola ndilo linalochanganya, hasa Kenya, ambako wengi hulichukua kuwa la msichana. Jina la pili lililo wazi kuwa la kiume hulimaliza tatizo hilo.

Onyo kuhusu maana kwetu. Zoza ni binti wa mfalme ambaye hadithi yake inazizunguka ngano zote za Basile, msichana aliyekuwa hawezi kucheka. Lakini Mswahili akisikia *zoza* anasikia ubishi na ugomvi. Ndiyo maana unahitaji lile sikio la pili.

*Umefaulu pale:* Mwitalia anapolisoma jina kutoka karatasini bila kuuliza, na Mswahili anapolisikia mara moja na kulirudia sawasawa.

## Hatua ya 6: Lipitishe kwenye sheria

Kanuni za usajili Italia ziko kwenye amri ya rais namba 396 ya mwaka 2000. Mambo yanayokuhusu ni haya, kama mtoto atakuwa raia wa Italia:

Hapewi jina la baba aliye hai. Wala la kaka au dada aliye hai. Hapa familia zetu hujikwaa kila wakati, kwa sababu Tanzania na Kenya mtoto hufuatisha jina la baba kama jina lake la pili. Usiliweke jina la baba kwenye nafasi ya majina ya mtoto. Likiwa tayari ndilo jina la ukoo, litaingia kwenye nafasi ya ukoo.

Hapewi jina la ukoo kama jina lake. Majina yetu mengi hutumika pande zote mbili, kwa hiyo jiandae kueleza kuwa ni jina la mtu, na ubebe cheti cha babu au bibi mwenye jina hilo ikiwezekana.

Jina lifuate jinsia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilikubali Andrea kwa msichana. Usiichukue hukumu hiyo kuwa ruhusa ya kila jina. Nicola kwa msichana bado ni kujitafutia safari za ofisini.

Majina yasizidi matatu. Yanatosha: moja la daftari, moja la Kiswahili, na moja la mzee wa familia.

Herufi j, k, w, x na y zinaruhusiwa katika majina ya kigeni, kwa hiyo Wanjiku na Kadzo yataandikwa kama yalivyo.

Jina likiwa na walakini, msajili atakuonya kwanza. Ukishikilia, ataliandika na kuipeleka habari kwa mwendesha mashtaka, ambaye anaweza kuomba mahakama ilirekebishe. Si vyema mtoto aanze maisha na faili mahakamani kwa jambo lililoweza kuepukwa.

## Hatua ya 7: Wazee na dini

Kusini mwa Italia, desturi ya zamani ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba. Desturi kama hiyo tunaijua vizuri, Wagiriama na Wakikuyu hawahitaji kufundishwa. Usifike na jina la ngano kama tangazo. Nenda na swali: "Nonna, ulikuwa unasimuliwa nini ulipokuwa mdogo?" Mara nyingi utakuta babu wa familia ni Nicola au nyanya ni Caterina, na ngano na ukoo vinakutana kwenye jina lile lile.

Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, inataka jina lisilo kinyume na hisia za Kikristo. Nicola huadhimishwa 6 Desemba, Gennaro 19 Septemba, Caterina 29 Aprili au 25 Novemba. Majina yasiyo na mtakatifu, kama Belinda, huadhimishwa 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwambie nyanya tarehe hiyo, maana ndiyo atakayopiga simu.

Kwa familia ya Kiislamu, Viola, Luna, Nella na Bianca hayana mtakatifu mbele ya macho ya watu, na huambatana vizuri na jina la Kiislamu likitangulia au likifuata.

## Hatua ya 8: Siku ya kuandikisha

Nchini Italia, kuzaliwa hutangazwa ndani ya siku 3 hospitalini, au ndani ya siku 10 kwenye ofisi ya manispaa, inayoitwa *comune*. Kenya sheria inatoa miezi 6, Tanzania siku 90, na baada ya hapo unaingia kwenye utaratibu wa kuchelewa.

Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako mwenyewe, umpe msajili. Usilitamke tu. Chiara akiandikwa kwa kusikia ofisi ya kwetu atakuwa Kiara, na Gennaro atakuwa Jenaro.

Kisha kuna alama ya mkato, kitu kidogo chenye madhara makubwa. Tuseme mtoto ni Nicola Baraka Omari. Yakiandikwa bila mkato kati yake, majina yote matatu yataonekana kwenye kila cheti, kitambulisho na pasipoti ya Italia, na yataingia kwenye hesabu ya namba yake ya kodi yenye tarakimu na herufi 16. Yakiandikwa *Nicola, Baraka, Omari*, vyeti vitaonyesha Nicola peke yake. Amueni nyumbani mnataka lipi. Kama cheti cha Kenya au Tanzania kitabeba majina yote, ushauri wangu ni muandike bila mkato Italia pia, ili nyaraka za nchi mbili zifanane.

Kabla ya kutia sahihi, soma rasimu herufi kwa herufi: jina, ukoo, jinsia, tarehe, mkato. Kosa likigunduliwa pale mezani hurekebishwa hapo hapo. Likigunduliwa mtoto akiwa na umri wa kwenda shule, utahitaji maombi, vyeti vilivyotafsiriwa na miezi ya kusubiri. Ukizalia nje ya Italia, chukua nakala mbili rasmi za cheti siku hiyo hiyo, moja ikae nyumbani na moja iende ubalozi wa Italia pamoja na karatasi ile yenye tahajia uliyoiandika mwenyewe.